Kitabu Kimekuchosha? Namna ya Kukikosoa Bila Kumdhulumu Mtu

Miaka kadhaa iliyopita nilihakiki mkusanyiko wa hadithi fupi nikausema vibaya. Pamoja na mengine, nililalamika kwamba hadithi ya sita inakatika ghafla kama redio iliyoishiwa betri, na ya saba inaanzia katikati bila hata kichwa. Nikaandika kwamba mwandishi ni mvivu anayejificha nyuma ya usanii. Sentensi hiyo niliipenda sana, nikawasomea marafiki wawili kabla haijatoka. Siku ya tatu mwandishi akanipigia simu. Hakufoka. Aliniuliza jambo moja tu: "Ndugu yangu, kitabu ulikinunua wapi?"

Nilikuwa nimekinunua katikati ya jiji, kando ya barabara, kwenye turubai la vitabu vya inama, vile ambavyo sharti uiname ndipo uchague. Ilikuwa nakala ya wizi. Aliyeichapa aliruka kurasa 16, mkunjo mzima wa karatasi, akaunganisha zilizobaki na kuzigundisha. Mwisho wa hadithi ya sita na mwanzo wa ya saba vilikuwa vimelala mahali fulani kwenye sakafu ya karakana ya mharamia, na mimi nilikuwa nimemwita mtu mvivu hadharani.

Tangu siku hiyo, kila ninapokutana na kosa kitabuni huuliza kwanza mwenye kosa ni nani. Hatua zote zifuatazo zimezaliwa na swali hilo. Ni za yeyote anayehakiki vitabu hapa Nairobi, awe anaandikia gazeti kama Taifa Leo, anasoma maoni yake mbele ya klabu ya vitabu Jumamosi mchana, au anabandika aya mbili kwenye simu akiwa ndani ya matatu.

Hatua ya kwanza: jichunguze kabla hujafungua jalada

Ulimwengu wa vitabu Nairobi ni mdogo kuliko unavyodhani. Nyuso unazoziona kwenye maonyesho ya vitabu pale Sarit, Westlands, ndizo utakazokutana nazo kwenye uzinduzi Alliance Française, na ndizo zitakazokaa safu ya mbele Goethe-Institut mwezi unaofuata. Mwandishi unayemkosoa leo huenda kesho akawa jaji wa shindano uliloingia, au mhariri wa mswada wako.

Kwa hiyo jiulize maswali machache bila kujionea huruma. Je, ni jamaa yako, mwalimu wako wa zamani, mtu mliyewahi kugombania kazi? Je, una mswada wako kabatini unaozungumzia mambo yaleyale, nawe ungefurahi wa kwake ukifa mapema? Uliwahi kumkopesha pesa ambazo hajarudisha? Jibu likiwa ndiyo, mwachie mwingine. Kama hakuna mwingine na ni lazima uandike, sema uhusiano huo mapema, katika aya ya kwanza au ya pili, kwa sentensi moja isiyo na kujitetea.

Nakala ya bure si rushwa. Wachapishaji duniani kote hutoa nakala kwa wahakiki, na hilo halina ubaya ukilitaja. Tatizo ni ile nakala uliyokabidhiwa na mwandishi mwenyewe kwenye uzinduzi, huku amekuandikia ndani, "Kwa ndugu yangu mpendwa, asante kwa kunishika mkono." Kuhakiki nakala hiyo ni kama kumkosoa mwenyeji huku unatafuna pilau yake. Mimi siku hizi hukipokea kwa shukrani, nikakiweka rafuni, kisha nikanunua kingine cha kufanyia kazi. Ni gharama, ndiyo. Tangu sheria ya 2013 ilipoleta kodi ya asilimia 16 kwenye vitabu, hata mhakiki anaumia. Lakini ukilipa unapata kitu kimoja kizuri: unaingia katika hali ya msomaji aliyetoa pesa zake, na ndiye unayemwandikia.

Hatua ya pili: kisome chote, na kalamu mkononi

Tafuta nakala halali. Fungua ukurasa wa hakimiliki utazame jina la mchapishaji, mwaka, toleo na ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu. Tofautisha toleo na chapa: kitabu kinaweza kupigwa chapa mara tano bila kubadilishwa neno, ilhali toleo jipya huwa limerekebishwa. Usije ukalaumu makosa ya toleo la kwanza yaliyokwisha kusahihishwa katika la pili.

Kisha soma. Gawa ukurasa wa daftari lako katika safu tatu. Ya kwanza andika ulichokiona, pamoja na namba ya ukurasa: "uk. 47, Juma ana umri wa miaka 19, uk. 52, ana 23, na ni wiki ileile." Ya pili andika ulichohisi: "nimechoka", "nimecheka", "siamini". Ya tatu iache wazi kwanza; ni ya jina la mwenye kosa, na utaijaza baadaye.

Safu ya pili ina hila zake. Kama sura ya tatu uliisoma kwenye matatu ya Thika Road, muziki umefunguliwa hadi madirisha yanatetemeka, uchovu ulioandika huenda ni wa matatu. Sura iliyokuchosha isome tena mahali patulivu kabla ya kuihukumu. Maktaba Kuu kule Upper Hill ni mahali pazuri kwa kazi hiyo, na maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, bado ina ule ukimya unaomfanya mtu asome pole pole.

Kama umeshindwa kukimaliza, una haki ya kusema hivyo. Taja ukurasa ulikoachia na sababu, na usizungumzie mwisho hata kidogo. Mhakiki anayehukumu mwisho ambao hakuufikia anadanganya.

Hatua ya tatu: kosa hili ni la nani?

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wetu tunapokosea. Kitabu hupita mikononi mwa watu wengi kabla hakijafika kwako, na kila mmoja anaweza kuacha alama ya kidole.

Anza na muuzaji na msafirishaji. Nimewahi kuona riwaya imepewa nyota moja kwa sababu mwendesha boda boda alichelewa siku mbili, na nyingine kwa sababu jalada lilifika limelowa. Riwaya zile hazikufanya lolote.

Halafu mchapaji. Wino uliofifia, kurasa zilizopinda, gundi inayoachia ukifika ukurasa wa mia: hayo ni ya kiwandani. Yana haki ya kutajwa, maana mnunuzi amelipia, lakini yataje kwa jina lake, tena mwishoni, mbali na hukumu ya maandishi. Kurasa zikikosekana, kabla hujaandika neno nenda duka la vitabu ufungue nakala nyingine. Ni kazi ya dakika tano. Ningeifanya, nisingepigiwa ile simu.

Mhariri na msahihishaji wa prufu hufuata. Herufi zilizorukwa, jina la mhusika linaloandikwa kwa namna mbili, aya iliyorudiwa: haya yanaonyesha nyumba ya uchapishaji iliyofanya haraka. Andika "kitabu kilihitaji mhariri makini zaidi" na usiandike "mwandishi hajui kuandika". Lakini kuna jambo la hapa kwetu. Waandishi wengi wa Nairobi hujichapishia wenyewe: hupata ISBN kutoka Huduma ya Maktaba ya Taifa, hupeleka faili kwa wapiga chapa kule River Road, kisha huuza kwa simu na kwenye hafla. Huyo ni mwandishi, mchapishaji na meneja wa mauzo kwa mpigo. Alama zote za vidole ni zake, hata za mhariri ambaye hakumwajiri. Siamini kwamba tunapaswa kumfumbia macho kwa sababu ametumia akiba yake. Aliyenunua pia ametumia akiba yake.

Mfasiri naye huonewa sana, na mara nyingine huwaonea wengine. Ukihakiki tafsiri iliyokwaruza, na huwezi kusoma lugha ya asili, kiri kwamba hujui kama ukwaru huo ulitoka kwa mwandishi au uliingia njiani. Ukiweza kusoma zote mbili, weka sentensi mbili tatu sambamba ili msomaji aone mwenyewe.

Bado lugha. Kwa Kiswahili, hili ni shimo ambalo nimewaona wahakiki wazuri wakitumbukia. Mwandishi wa Lamu au Mombasa akiandika "ndia" kwa maana ya njia, "mato" kwa maana ya macho, au "ndaa" kwa njaa, hajakosea tahajia. Hizo ni lahaja, na ushairi wetu mkongwe umejengwa juu yake. Mwandishi wa Dar es Salaam akiandika "shule ya sekondari", usimsahihishe kuwa "shule ya upili". Ni sisi wa Kenya tuliozoea hilo la pili. Na mwandishi wa Nairobi akimwekea kinywani makanga wa matatu ya Umoja maneno "gari imejaa, ingia nyuma", hapo hakuna kosa la upatanisho wa ngeli. Ndivyo makanga anavyosema. Angesema "gari limejaa" ndipo ningeshtuka. Tazama ni sauti ya nani: msimulizi wa Kiswahili sanifu akiteleza na kuandika "kitabu yake" katika aya ya maelezo, kosa lipo, nawe unalo la kuonyesha. Mhusika akisema hivyo, msikilize kwanza.

Lisilovumilika ni lile la kutazama jina la ukoo kwenye jalada kabla ya kutazama sentensi. "Kiswahili cha watu wa bara," mtu anaandika, na hajanukuu hata neno moja. Au kinyume chake: mtu wa Pwani anasifiwa lugha kabla hajasomwa, kana kwamba ufasaha hurithiwa pamoja na shamba. Kabila la mwandishi halina nafasi katika tahakiki ya lugha yake. Sentensi inayo.

Wa mwisho katika orodha ni wewe. Huenda hupendi riwaya za mapenzi na umepewa riwaya ya mapenzi. Huenda kitabu kilifika wiki uliyofiwa. Rudi kwenye safu ya tatu ya daftari lako uandike jina lako mahali panapostahili. Mimi, kwa mfano, siwezi hadithi za wanyama wanaozungumza. Nikipewa, husema hivyo waziwazi, na msomaji anajua namna ya kupima maneno yangu.

Ukishajaza safu ya tatu, hesabu makosa yaliyobaki chini ya jina la mwandishi. Mara nyingi ni machache kuliko ulivyodhani ukiwa na hasira. Mara nyingine ni mengi zaidi. Hayo ndiyo ya tahakiki yako.

Hatua ya nne: kipime kwa kipimo chake

Mashairi ndiyo yanayofundisha somo hili vizuri kuliko chochote. Katika miaka ya 1970 wapenzi wa ushairi wa Kiswahili waligawanyika: wapo waliosema shairi lisilo na vina na mizani si shairi, na wapo waliotetea mashairi huru. Mgogoro huo umepoa, ila mabaki yake yanaonekana kila mtu anapokataa diwani nzima kwa sababu haina vina, ilhali mshairi hakuahidi vina popote. Mpime kwa alichokusudia: je, picha zinasimama? Mstari unakatwa mahali panapouma, au popote tu?

Lakini mshairi akitangaza kwamba anaandika tarbia, akapanga mishororo minne kwa ubeti, basi mezani kuna hesabu. Mizani 16 kwa mshororo, nane na nane. Ukikuta ubeti wa tatu una mshororo wa mizani 17, na wa saba una kina kilicholazimishwa kwa neno lisilo na maana, andika hivyo hivyo. Ukosoaji wa namna hiyo unaweza kuwa mkali sana na bado mshairi asiwe na la kusema, maana hata yeye ana vidole vya kuhesabia.

Vitabu vya watoto visome pamoja na mtoto. Mtu mzima anayelalamika kwamba hadithi ya kurasa 24 "haina undani" amekosea mlango. Riwaya za shuleni nazo zina balaa lake: wanafunzi hawakuzichagua, wanazisoma kwa hofu ya mtihani, na chuki yao kwa mtihani huishia kwa mwandishi. Ukihakiki kitabu cha namna hiyo, tenganisha swali la kama ni kazi nzuri na swali la kama kilistahili kupelekwa darasani. La pili lina wenyewe, na ofisi zao zinajulikana.

Hatua ya tano: pima uzito wa fimbo

Mwaka 1965 Taban lo Liyong, mwandishi na mhakiki, aliandika katika jarida la East Africa Journal makala iliyolia kwamba Afrika Mashariki ni jangwa la fasihi. Ilichoma, na inanukuliwa hadi leo. Mimi naiona haki ndani yake kwa sababu mbili. Fimbo iliangukia eneo zima, hakuna mwandishi mmoja aliyeachwa juani peke yake. Pili, aliyeishika hakukimbia: alikuja kwenye chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwaka 1968 akawa mmoja wa watatu, pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Henry Owuor-Anyumba, waliotaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati, na akaendelea kuchapisha vitabu vyake ambavyo wengine nao walivikosoa watakavyo.

Sasa chukua diwani ya kijana wa Kayole, nakala 200, ameziuza kwa jamaa na wenzake wa kanisani. Ina makosa tele. Je, uiandikie tahakiki ya maneno elfu moja kuibomoa? Sioni kwa nini. Kitabu ambacho hakuna anayekifikiria huhitaji kwanza kukiinua ili ukiangushe, na hiyo si kazi. Mwandikie mwandishi barua. Tahakiki ya hadharani yenye meno iwe ya kitabu kinachouzwa sana, kilichotangazwa sana, kilichopewa tuzo, au kinachodai kufundisha watu afya, fedha au historia. Hicho cha mwisho usikipe nafuu hata kama mwandishi ni mwanafunzi: ushauri mbaya wa dawa hauna ugeni.

Mwandishi anayeanza aliyechapishwa na kampuni kubwa yuko kati ya hao wawili. Hapo napunguza sauti. Hukumu inabaki palepale.

Hatua ya sita: andika

Aya ya kwanza iseme kitabu ni nini, kinajaribu nini, na wewe umekionaje. Usimzungushe msomaji. Ya pili ieleze hadithi kwa haki, kiasi kwamba mwandishi mwenyewe akiisoma aseme, "Ndiyo, hicho ndicho kitabu changu." Kama hawezi kusema hivyo, bado hujastahili kukikosoa. Usivujishe mwisho, ukilazimika kuuzungumzia, zungumzia namna ulivyojengwa na ufiche kilichotokea.

Kisha kosoa, ukianza na kosa kubwa zaidi. Tuchukue riwaya ya kubuni, isiyopo popote. Hivi ndivyo rasimu ya hasira huwa:

"Wahusika wanawake ni mbao tupu. Inaonekana mwandishi hajawahi kuzungumza na mwanamke. Kitabu cha kufungia njugu."

Inachekesha kidogo, tena inasambaa haraka. Lakini sentensi ya kwanza haina ushahidi, ya pili inamzungumzia mtu nyumbani kwake, na ya tatu haisemi lolote. Iandike upya ukiwa na daftari lako mkononi:

"Riwaya ina wanawake watano wenye majina. Wanne kati yao hawasemi lolote ila kuhusu ndoa ya shujaa (uk. 34, 61, 112 na 190). Wa tano, Mama Zuhura wa kibanda cha chakula Gikomba, ndiye pekee mwenye deni lake, hasira zake na utani wake, na kila anapoingia kurasa huamka. Anaondolewa mwishoni mwa sura ya nne. Zinabaki sura kumi na moja."

Hii ya pili inauma zaidi. Pia inampa mwandishi mlango wa kujitetea: anaweza kwenda ukurasa wa 112 akasema umesoma vibaya. Na imeacha sifa mahali pake, kwa sababu Mama Zuhura ni mzuri kweli. Usitafute jema la kusifia ili kulainisha tu. Kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, mstari wa kwanza "lugha tamu", wa mwisho "kijana ana mustakabali", hakumdanganyi mwandishi wala msomaji, na kunatia shaka hata sifa utakazotoa kwa moyo mwaka ujao.

Maneno machache ya kujihadhari nayo: "mwandishi alitaka tu kuuza", "aliandika kwa haraka", "ameiga". Haya ni madai juu ya nia na mwenendo, na wewe hukuwepo. Sema "sura za mwisho zinasomeka kama zimeandikwa kwa haraka" kisha uonyeshe ni nini kinachofanya zisomeke hivyo. Mzaha unaruhusiwa, lakini uelekee kwenye sentensi iliyoandikwa na usimguse mwandishi, na uwe mmoja. Ukifikia wa tatu umeanza kujichekesha mwenyewe.

Nukuu kwa usahihi, hata mkato. Nukuu nusu sentensi inayobadilisha maana na umemsingizia mtu kwa maneno yake mwenyewe.

Hatua ya saba: sheria, kwa kifupi

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaruhusu kunukuu kwa ajili ya uhakiki ukitaja chanzo. Kunukuu hakumaanishi kupiga picha sura nzima na kuisambaza.

Kuhusu kashfa, mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya kashfa kuwa jinai. Madai ya fidia bado yapo chini ya Sheria ya Kashfa, na mlalamikaji ana miezi 12 ya kwenda mahakamani. Maoni ya haki juu ya kazi iliyotolewa kwa umma yana kinga yake, mradi yasimame juu ya mambo ya kweli. "Riwaya inachosha" ni maoni. "Riwaya imeibwa" ni dai la ukweli, tena zito kuliko yote katika kazi hii. Ukishuku wizi wa maandishi, weka matini mbili kando kwa kando, mstari kwa mstari, wasiliana na mwandishi na mchapishaji, wape muda wa kujibu, na uchapishe jibu lao. Kama huna matini mbili, huna habari.

Hatua ya nane: lala nayo

Usitume usiku. Asubuhi isome kwa sauti, ukihakiki tahajia ya majina, idadi ya kurasa, mwaka, mchapishaji. Nyani haoni kundule: hakuna kinachofurahisha watu kama tahakiki inayolalamikia uhariri huku imeandika "mwadishi" mara mbili. Kama kuna mhariri wa gazeti, mwombe akuonyeshe kichwa kabla hakijachapwa, kwa kuwa kichwa cha mtu mwingine kinaweza kugeuza "riwaya iliyopotea njia sura ya nne" kuwa "aibu ya mwaka", na lawama ikaja kwako. Nyota nazo, ukilazimishwa kutoa, zitoe mwisho kabisa, baada ya kuandika. Ukianza na nyota utaandika kuitetea nyota.

Hatua ya tisa: siku zinazofuata

Mwandishi huenda akajibu. Akionyesha kosa la ukweli, umri, tarehe, ukurasa, sahihisha siku hiyohiyo mahali palepale ulipokosea na kwa herufi za ukubwa uleule. Akipinga maoni yako, mwachie nafasi aseme, halafu nyamaza. Ulikuwa na zamu yako. Mashabiki wake wakikuvamia mtandaoni, usichague mmoja mwenye sarufi mbovu umfanye mfano. Na mkikutana, maana mtakutana, msalimie kwanza wewe. Shikamoo kama ni mkubwa wako, mkono kama ni rika. Usianze kueleza tahakiki. Akitaka kuizungumzia atakuambia.

Mimi na yule wa hadithi fupi tulikutana miezi miwili baada ya simu, kwenye foleni ya chai ya hafla moja. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kununua nakala halali, nimesoma kurasa 16 nilizokosa, nimechapisha masahihisho. Hadithi ya sita inaisha vizuri, na niliandika hivyo. Ya saba ina mwanzo wa kuridhisha. Ya nane nilisema bado imekufa ukurasa wa pili, na sikuibadilisha.

Alinimiminia chai, akaongeza sukari bila kuniuliza. "Ya nane," akasema, "hata mke wangu aliniambia."